Ushauri wa kitaalamu: Maandalizi yampasayo mwanafunzi wa chuo kikuu Kisii na Nyamira

VIWANDA vya majanichai, vyama vya akiba na mikopo, hospitali, mashirika ya kijamii na serikali za kaunti za Kisii na Nyamira huhitaji huduma isiyopimwa kwa kilo wala kwa debe, nayo ni ushauri wa kitaalamu. Kwa vijana wa eneo hili wanaosomea shahada ya kwanza, hii ni kazi inayoweza kuwapa riziki bila kungoja kuajiriwa, mradi waanze kujiandaa wangali chuoni.

Kazi hii haifai kuchanganywa na ushauri nasaha, ambao humsaidia mtu aliye na dhiki ya moyo au ya familia. Mshauri wa kitaalamu huitwa na kampuni au taasisi kuchunguza tatizo, kukusanya takwimu, kuzichanganua na kupendekeza hatua za kuchukuliwa. Hulipwa kwa kazi mahususi na kwa muda uliokubaliwa.

Taaluma yenyewe ina zaidi ya miaka 100. Arthur D. Little alianzisha shughuli zake Marekani mwaka wa 1886, naye James McKinsey akafungua kampuni yake Chicago mwaka wa 1926. Jijini Nairobi, McKinsey ina ofisi, sawa na kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu za PwC, Deloitte, KPMG na EY, ambazo pia hutoa ushauri wa biashara.

Mahitaji yamo hata mashinani. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Tangu ugatuzi uanze kutekelezwa mwaka wa 2013, kila kaunti hutakiwa kisheria kuwa na mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano. Mipango ya aina hiyo huhitaji tafiti, makadirio ya gharama na tathmini.

Shahada pekee haitoshi

Hakuna shahada moja inayomfanya mtu kuwa mshauri. Dkt Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu, Nyamira, alisomea ualimu, akawa mhadhiri katika vyuo vikuu vya Egerton na Nairobi, kisha akawakilisha katika Afrika Mashariki kituo cha maendeleo cha State University of New York kilichohusika na kuimarisha mabunge. Hayo yote yalikuwa kabla ya kuteuliwa waziri mwaka wa 2013.

Hata hivyo, baadhi ya nyanja zina milango inayolindwa na sheria. Anayetaka kuandaa ripoti za athari za mradi kwa mazingira sharti apewe leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), kwa mujibu wa sheria ya 1999. Sheria ya Wahandisi ya 2011 nayo imetenga daraja la mhandisi mshauri, ambalo hufikiwa baada ya uzoefu wa miaka kadhaa. Mwanafunzi wa biashara anaweza kufanya mitihani ya uhasibu ya KASNEB sambamba na masomo yake ya chuo.

Kwa sababu hiyo, inafaa mwanafunzi ajue mapema, ikiwezekana katika mwaka wa pili, ni cheti kipi kinachohitajika katika fani yake.

Kuligawa tatizo

Kampuni kubwa huwatahini waombaji kazi kwa kuwapa tatizo la biashara na kuwataka walitatue mbele ya wasaili. Kinachopimwa ni mpangilio wa fikra. Mazoezi ya stadi hii yanapatikana nyumbani kwa mkulima.

Kwa miaka mingi, bonasi ya viwanda vingi vya Kisii na Nyamira, kama vile Kebirigo, Sanganyi, Nyamache na Ogembo, imekuwa chini ya ile ya viwanda vilivyo mashariki mwa Bonde la Ufa. Badala ya kulalamika tu, mshauri huligawa swali hilo mara mbili: mapato na gharama. Mapato hutegemea bei katika mnada wa Mombasa na kiasi cha chai kilichouzwa. Gharama ni pamoja na kuni, umeme, mishahara, usafiri na riba ya mikopo.

Kisha huja hesabu. Kilo moja ya chai iliyosindikwa hutokana na takriban kilo nne na nusu za majani mabichi. Hivyo basi, kiwanda kikipokea kilo milioni 10 za majani, hutoa takriban kilo milioni 2.2 za chai. Iwapo bei ya mnadani itapungua kwa Sh50 kwa kila kilo, kiwanda kitapoteza takriban Sh110 milioni, yaani Sh11 kwa kila kilo ya majani aliyochuma mkulima. Hesabu kama hiyo humwonyesha mwanafunzi kama kiini cha tatizo ni ubora wa chai au ni matumizi ya fedha.

Mwanafunzi anaweza kufanya zoezi kama hilo kuhusu wachongaji wa mawe ya Tabaka au wauzaji wa ndizi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, za Msimamizi wa Bajeti na za Shirika la Kitaifa la Takwimu hutolewa kwa umma, na kuzisoma hakugharimu chochote.

Aidha, mwanafunzi anayezungumza Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza ana nyenzo asiyokuwa nayo mgeni. Anaweza kumhoji mkulima kwa lugha ya nyumbani na kumwandikia mkurugenzi ripoti kwa lugha ya ofisini. Akiongezea ujuzi wa kuandaa hojaji na kuchanganua takwimu kwa kompyuta, anaweza kuanza kama msaidizi wa utafiti kwa wahadhiri. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza 1965 kama chuo cha walimu na kupewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013, wanaishi karibu na viwanda na masoko hayo.

Zabuni na malipo

Wahitimu wanaweza kuungana na kusajili biashara. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ili kampuni ihesabiwe kuwa ya vijana, angalau asilimia 70 ya umiliki wake lazima iwe mikononi mwao.

Zabuni ya ushauri kwa kawaida huwa na sehemu mbili: pendekezo la kitaalamu na pendekezo la bei. La kwanza hutathminiwa kabla ya la pili kufunguliwa, kwa hivyo bei nafuu haiwezi kuokoa pendekezo lililoandikwa ovyo. Mshauri akumbuke pia kuwa mteja hukata asilimia 5 ya ada yake kama kodi ya zuio.

Tahadhari inahitajika. Serikali za kaunti zimekuwa zikikosolewa kwa kuchelewa kuwalipa wanakandarasi, na kampuni changa yenye mteja mmoja tu inaweza kufungwa ikingojea hundi. Ni busara kutafuta pia kazi ndogo kwa vyama vya ushirika, shule na wafanyabiashara.

La mwisho ni uadilifu. Ripoti iliyonakiliwa kutoka kaunti nyingine na kubadilishwa jina inaweza kusababisha soko kujengwa mahali pasipo na wanunuzi, na anayelipia kosa hilo ni mwananchi. Kadhalika, mshauri aliye na jamaa miongoni mwa wazabuni anapaswa kutangaza uhusiano huo au kujiondoa.

Katika miji midogo kama Keroka, Ogembo na Nyamira, habari husambaa upesi. Kazi ya kwanza, hata iwe ya malipo haba, ndiyo itakayomjengea au kumbomolea kijana jina.