Uvira: Mahali Ruzizi inapoingia ziwani

Aprili 1858, wasafiri wawili Waingereza, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka katika Ziwa Tanganyika na kwenda kulisha Nile. Wenyeji wakawajibu wazi: mto unaingia ziwani. Wasafiri wakarudi bila kufika penyewe.

Novemba 1871, Livingstone na Stanley walifika wakaona maji ya Ruzizi, yanayotoka Ziwa Kivu, yakiingia Tanganyika.

Mgeni anayetembelea Uvira aonyeshwe kwanza mahali hapo, mpakani na Burundi. Na familia zilizokimbia vita ziwasimulie watoto wao: swali lililowasumbua Wazungu miaka 13, wazee wa Uvira walikuwa wamekwisha kulijibu.