Gombo la Kutundika na Mtu Asiyekufa

Majengo, Nairobi, ukuta wa sebule hauachwi mtupu. Pana zulia la mahameli lenye picha ya Kaaba, pana aya iliyotiwa fremu, na pana kalenda ya duka iliyobanwa utepe wa bati juu na chini. Kalenda hiyo hufika nyumbani imeviringwa, ikatundikwa kwa msumari mmoja. Anayetaka kuielewa kakemono ya Wajapani na aanzie hapo.

Kake ni kutundika, mono ni kitu. Ni mchoro wa wino au rangi juu ya hariri au karatasi, uliogandishiwa tabaka za karatasi mgongoni na kuzungushiwa vitambaa vya nakshi. Chini una kijiti cha mviringo, jiku, chenye kazi mbili: uzito wake huunyoosha mchoro ukiwa ukutani, nao ukishushwa huviringiwa juu yake. Na hushushwa kweli. Msimu ukibadilika au mgeni akitarajiwa, mwenye nyumba huweka mwingine katika tokonoma, lile shubaka kubwa la chumba cha wageni.

Kwa hiyo tafsiri ya "picha ya ukutani" haitoshi, maana kule kuviringwa kunapotea. Kiswahili kina gombo. Wasomaji wa Biblia wanalikumbuka kwa Ezekieli, aliyeamriwa ale gombo la chuo. Basi iwe gombo la kutundika.

Ugumu uko kwa mmoja wa wanaochorwa humo. Wajapani humwita sennin: Mtao, yaani mfuasi wa dini ya Kitao ya China, aliyejizoeza milimani hata mauti yakamkosa. Maarufu mmoja ni Tekkai, Li Tieguai kwa Wachina. Hadithi husema roho yake ilisafiri, akamwachia mwanafunzi mwili aulinde siku saba. Siku ya sita mama wa kijana akaugua. Kijana akauchoma mwili, akakimbilia kwao. Roho iliporudi ilikuta majivu, ikaingia maiti ya ombaomba kiwete. Ndiyo maana huchorwa na mkongojo wa chuma. Katika gombo la Yan Hui, mchoraji wa China ya enzi ya Yuan, lililo mali ya hekalu la Chion-ji mjini Kyoto, Tekkai anapuliza pumzi, na ndani ya pumzi hiyo anatoka Tekkai mdogo.

Sasa aitweje? Walii hapana: walii ana kaburi, na watu hulizuru. Jini ni kiumbe mwingine kabisa. Hayati lina uhai katika asili yake ya Kiarabu, lakini Waswahili wameligeuza. Hayati Jomo Kenyatta ni mtu aliyefariki mwaka 1978. Linalobaki ni la wazi: Mtao asiyekufa, na wakiwa wengi, Watao wasiokufa.

Mwalimu wa madrasa anaweza kumtaja Khidhri, ambaye kwa mapokeo ya wengi angali hai, ili wanafunzi wapate pa kushika. Ila aongeze kwamba Khidhri alipewa elimu na Mungu, hali wasiokufa wa Kitao huutafuta uhai wao wenyewe, kwa mazoezi ya pumzi na kwa dawa.