Ubatizo, Wokovu na Utumwa katika Pwani ya Cabo Delgado

Je, maji ya ubatizo huokoa, au imani ndiyo huokoa na maji ni ishara tu? Wakristo wamebishana juu ya swali hili kwa karne nyingi, na kwa kawaida historia yake husimuliwa kama ugomvi wa Ulaya. Katika insha hii ninalichunguza kutoka Visiwa vya Kerimba, pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Hoja yangu ni kwamba, katika pwani hii, utumwa ulizusha swali la tatu: je, anayebatizwa ameridhia?

Kwanza, tuitazame misimamo yenyewe. Mwaka 1525, mjini Zürich, Waanabatisti walianza kubatiza watu wazima waliokiri imani, wakisema ubatizo wa mtoto mchanga si ubatizo. Luther aliwapinga, alitetea ubatizo wa watoto, ila akafundisha kwamba imani ndiyo huipokea ahadi iliyomo katika maji. Kwa upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento ulitamka mwaka 1547 kwamba ubatizo ni wa lazima kwa wokovu. Hata hivyo, mwaka huohuo mtaguso ulifundisha kuwa mtu mzima hana budi kujiandaa: aamini, atubu na akusudie mwenyewe kubatizwa. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyosahaulika baharini.

Mafundisho ya Trento yaliletwa Kerimba na mapadre Wadominiko. Mmoja wao, João dos Santos, alihudumu huko miaka ya 1590, na kitabu chake, Ethiopia Oriental, kilichapishwa Évora mwaka 1609. Wamwani wa visiwani walikuwa Waislamu, na aliye huru aliweza kumsikiliza padre kisha akarudi msikitini. Mtumwa wa nyumba ya Mreno hakuwa na nafasi hiyo. Sheria ya Ureno ya mwaka 1514, iliyowahusu watumwa wa Guinea, iliwaagiza mabwana kuwabatiza ndani ya miezi sita, ingawa iliwaruhusu wenye umri wa miaka kumi na zaidi kukataa. Lakini mtumwa angemkatalia vipi bwana wake?

Mashaka hayo hayakuwa ya Waprotestanti peke yao. Mjesuiti Alonso de Sandoval, aliyehudumia Waafrika walioshushwa Cartagena, Amerika ya Kusini, aliwahoji juu ya ubatizo waliopewa kabla ya safari. Aligundua kuwa wengi hawakuelewa walichofanyiwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1627 alitetea kuwafundisha na kuwabatiza tena kwa sharti, yaani ikiwa ule wa kwanza haukuwa halali.

Katika karne ya 18 Ibo ikawa bandari kubwa ya watumwa, na wengi waliuzwa kwa Wafaransa wa visiwa tunavyoviita leo Mauritius na Réunion. Huko, sheria ya mwaka 1723 iliamuru kila mtumwa abatizwe. Sheria hiyohiyo ilimhesabu kuwa mali. Waingereza wa Virginia walikuwa na hofu tofauti: mabwana walisita kuwabatiza watumwa wakidhani maji yangewaweka huru, hadi sheria ya mwaka 1667 ilipotamka kuwa ubatizo haubadili hali ya mtumwa. Wakatoliki na Waprotestanti hawa walitofautiana juu ya ubatizo, lakini walikubaliana kwamba wokovu wake usiguse minyororo. Mwaka 1791 Wareno walikamilisha ngome ya Ibo na kuipa jina la Yohana Mbatizaji, ambaye katika Injili aliwataka watu watubu ndipo waingie mtoni.

Baadaye wamisionari wenyewe walipunguza haraka hiyo. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadre Weupe, waliofika Tanganyika na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1870, kuwafundisha watu miaka minne kabla ya kuwabatiza, isipokuwa aliye karibu kufa. Naona agizo hilo kama kukiri kwamba maji bila hiari hayatoshi, hata kwa wanaoamini kuwa maji huokoa.

Kwa hiyo, tunapopima misimamo ya ubatizo, tusiishie kuuliza kama mbatizaji alitumia maneno sahihi au kama mbatizwa alikuwa mtoto au mtu mzima. Tuulize pia kama angeweza kusema hapana. Kwa mateka wa Ibo, jibu la swali hilo ni sehemu ya historia ya Kanisa.