Masanduku Chini ya Sakafu

Mwaka jana kazi ilipoisha, nilihama keja yangu ya Umoja kwa mkokoteni mmoja hadi kwa shangazi, Kayole. Godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6, kartoni mbili za vitabu na lile sanduku la bati la shule ya upili. Shangazi hakuuliza nitavichukua lini. Alitoa kalamu ya wino mzito akaandika jina langu kwenye kila kartoni, utadhani mle ndani kuna mwingine anayeitwa hivyo.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za vitu vilivyoachwa, na hakuna kisa kilichonikaa kama cha Hoteli ya Panama, mjini Seattle, Marekani. Ilijengwa 1910 kwenye mtaa wa Wajapani. Chini kabisa kulikuwa na bafu la umma, watu wakitoka kazini wanajitosa kwenye maji moto na kupiga stori.

Kisha vita. Japani ilishambulia Pearl Harbor Desemba 1941, na tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt akatia sahihi Amri 9066. Watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani waliondolewa pwani ya magharibi na kufungiwa kambini. Karibu thuluthi mbili walikuwa raia wa Marekani, wazaliwa wa pale pale. Matangazo yakabandikwa: njoo na matandiko, nguo, sahani na vijiko, usizidishe unachoweza kubeba. Mnyama wa nyumbani, hapana.

Kuna sehemu ya tangazo hilo ambayo hunikera kila nikiikumbuka. Serikali iliahidi kuhifadhi vitu vizito, kama majokofu, mashine za kufulia na piano, ila hasara yoyote ni ya mwenyewe. Yaani anayekufukuza ndiye anajitolea kukuwekea piano, na ikipotea, shauri yako! Wengi waliona heri wauze kwa bei ya kutupa. Wengine waliweka vitu kwenye makanisa na mahekalu, na kuna waliorudi wakakuta vimeibwa.

Baadhi ya majirani wa Panama walimwendea mwenye hoteli, Takashi Hori, na masanduku yao yakashushwa chini ya jengo. Hori naye hakusazwa. Aliyeachiwa amana alifungiwa kambini kama wenye amana.

Vita viliisha 1945, Hori akarudi hotelini. Kuna waliokuja kuchukua mizigo yao, na kuna ambao hawakuja kabisa. Sidhani wote walisahau. Pengine wengine hawakutaka kufungua sanduku na kukutana na maisha waliyoporwa. Hori alikaa na mizigo hiyo hadi 1985 alipomuuzia hoteli Jan Johnson, naye hakuitupa. Juu yake kuna mkahawa wa chai, na kipande cha sakafu ni kioo. Wateja wanakunywa chai huku wakiyatazama masanduku miguuni pao.

Jumapili nilipita Kayole. Kartoni zangu zimekuwa meza: zimefunikwa kitambaa, juu yake TV. Niliinua pembe ya kitambaa. Jina bado linasomeka.

“Unavichukua leo?” shangazi akauliza kutoka jikoni.

“Bado kidogo, anti.”

“Basi rudisha kitambaa vizuri, vumbi lisiingie.”