Fahari Yetu na Fleti ya Kifahari

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni dalali wa nyumba, alinitumia tangazo nimsahihishie. "Shikamoo Mwalimu," aliandika, "naomba uniangalizie Kiswahili tu, bei iache." Tangazo lilisema: "Inapangishwa fleti ya kifahari katika jengo la kihistoria lililokarabatiwa." Nililisoma mara tatu, nikamjibu kwamba sarufi haina kasoro. Lakini maneno yale hayakuniacha, na leo nawaletea, wapenzi wa lugha na ushairi, yale niliyoyawaza.

Tuanze na neno "boma", kwa kuwa huku Nyanda za Juu Kusini ndilo jina la jengo la kihistoria. Waswahili walilitumia kwa maana ya ua au ngome kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kukanyaga bara. Wajerumani walipojenga vituo vyao vya utawala walilichukua neno hilo, na tangu hapo "kwenda bomani" kukawa ni kwenda kwa mkubwa. Wapo wanaodai kwamba boma ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza. Dai hilo halina mashiko, maana neno lilikuwepo kabla ya Mwingereza kuitawala nchi hii.

Wahehe nao walikuwa na neno lao, "lilinga", yaani ngome, na ndilo lililozaa jina Iringa. Ngome ya Mtwa Mkwawa ilikuwa Kalenga. Mwaka 1891 majeshi yake yaliwashinda Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao Zelewski akauawa. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani walirudi na mizinga wakaivunja ngome ile. Kisha wakajenga mji wao juu ya kilima, wakauita kwa jina la kile walichokibomoa. Kwa hiyo anayesema "Boma la Iringa" leo anasema, kwa lugha mbili, "ngome ya ngome". Ukuta ulianguka, jina likahamia mjini likakaa.

Jengo linaloitwa Boma mjini Iringa lilijengwa na Wajerumani mwaka 1914 kuwa hospitali. Hawakulitumia sana, kwani mwaka 1916 Waingereza waliingia Iringa, na baadaye wakaligeuza kuwa ofisi za utawala. Baada ya uhuru likaendelea kuwa ofisi za serikali. Kwa miongo mingi, mwananchi aliyepanda ngazi zake alipanda akiwa na shida, barua mkononi na kofia kwapani. Mwaka 2016 lilifunguliwa upya kama makumbusho na kituo cha utamaduni, baada ya kukarabatiwa chini ya mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Mradi huo uliitwa "fahari yetu".

Naomba msomaji ayashike maneno hayo mawili, kisha arudi kwenye tangazo la mwanafunzi wangu. Fahari ni neno la asili ya Kiarabu, nalo ni ukuu, utukufu, jambo la kujivunia. Fahari huhitaji watu wa kuiona. Mtu hajivuni peke yake chumbani. Ukiongeza kiambishi ki- likawa "kifahari", neno linapunguka: linakuwa sifa ya kitu chenye bei, na kitu chenye bei kina mwenyewe. "Yetu" ilikaa vizuri baada ya fahari, lakini baada ya "fleti ya kifahari" haikai, labda uwe na fedha ya kodi.

Mfano mkubwa wa njia hiyo ya pili uko Zanzibar, Shangani, katika jumba liitwalo Mambo Msiige. Lilijengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa Kiarabu, na masimulizi husema kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai. Jina lenyewe ni kitenzi cha kukataza, nafsi ya pili wingi: nyinyi wengine, msiige. Wamisionari wa Kianglikana walikaa humo, kisha ukawa ubalozi mdogo wa Uingereza hadi mwaka 1913, halafu ofisi za serikali. Mwaka 2015 jumba hilo lilifunguliwa kama sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Tajiri wa kwanza alikataza watu wasimwige, na hadi leo wengi wetu, hata tukitaka, hatuwezi.

Ningependa kuishia hapo nikalaani fedha, lakini haki hainiruhusu. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na bado Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Chokaa na boriti havisimami kwa mapenzi ya washairi. Nyumba ya zamani isiyo na mtu wa kuilipia huanguka, na mara nyingine huanguka juu ya watu.

Tena, tusijidanganye kwamba zamani nyumba hizi zilikuwa zetu sote. Nenda Mbeya, mji uliozaliwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa. Majina Uzunguni na Uhindini yanakueleza nani aliruhusiwa kulala wapi. Siku hizi hakuna anayeuliza rangi ya mpangaji, huulizwa kodi ya miezi sita. Mpaka umebaki, umebadili lugha tu.

Basi nilimwandikia mwanafunzi wangu tena. Sikumkataza kupangisha. Nilimwomba aongeze sentensi moja katika tangazo lake: jengo linaitwaje, nani walilijenga, lilikuwa nini. Alinijibu kwamba mwenye nyumba hajui, ila yupo mzee mlinzi jirani ambaye huenda anajua. Nikamwambia aende kwa mzee huyo kabla ya kwenda kwa mpangaji. Tajiri anaweza kuununua mlango na ngazi. Jina likisahauliwa, hata yeye hatalipata dukani.

Nanyi malenga mnaosoma hapa, kila mmoja ana jengo moja mjini kwake ambalo jina lake linajulikana na wazee watatu tu. Liandikeni. Mimi naanza kwa ubeti huu, nanyi nijibuni:

Jengo lenye historia, si mawe na chokaa tu,
Ni jina lilobakia, vinywani mwa watu wetu,
Mwenye mali akingia, asifute jina letu,
Fahari ikisalia, na iwe fahari yetu.