Mwana wa Mulango Katika Kiti cha Bossey

Neno letu latoka kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 13, mistari mitatu ya kwanza. Mara nyingi tukifika hapo twakimbilia Barnaba na Sauli, na wenzao twawapita kama watu wa njiani. Lakini Luka ataja walimu watano katika kanisa la Antiokia, na miongoni mwao yumo Simeoni aitwaye Nigeri, maana yake mweusi, na Lukio wa Kirene, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo twaiita Libya. Kwa hiyo mtu wa Afrika alifundisha katika kanisa la ugenini hata kabla Paulo hajavuka bahari kwenda Makedonia.

Nawakumbusha haya kwa sababu ya habari ya mtu wa kwetu, Kasisi John Mbiti.

Karibu na ziwa la Geneva, nchini Uswisi, kilomita kama ishirini hivi kutoka mjini, kuna jumba la kale liitwalo Bossey. Mwaka wa 1946, Ulaya ikiwa bado magofu kwa ajili ya vita, watu waliokuwa wakiliandaa Baraza la Makanisa Ulimwenguni walifungua chuo hapo. Fedha za kuanzia zilitoka kwa tajiri wa Marekani, John D. Rockefeller Mdogo. Nia ilikuwa Wakristo wa mataifa yaliyouana wakae meza moja, wasome na kuomba pamoja. Tangu 1952 pakawa na masomo ya juu, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Geneva. Mkuu wa kwanza alikuwa Hendrik Kraemer, Mholanzi aliyekuwa amefanya kazi ya umishonari huko Java. Akafuata Hans-Heinrich Wolf, Mjerumani. Kisha Nikos Nissiotis, Mgiriki wa Kanisa la Orthodox, ambaye hakuwa kasisi bali mlei. Wote watatu ni watu wa Ulaya.

Nissiotis alipomaliza mwaka wa 1974, kiti kikapewa mtu aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931. Mbiti alilelewa katika Kanisa la Africa Inland, akasoma Alliance High School pale Kikuyu, kisha Makerere, kisha Marekani, na mwaka wa 1963 akapata shahada ya udaktari huko Cambridge. Alipewa daraja ya ukasisi katika Kanisa la Anglikana, akahudumu kwa muda mfupi St Albans, Uingereza, halafu akarudi Makerere kufundisha miaka kumi. Kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilikwisha kusomwa duniani kote.

Sasa tazameni mwaka wenyewe. Mwezi wa Mei 1974, Halmashauri ya Makanisa ya Afrika Yote, ambayo makao yake yako hapa Westlands, barabara ya Waiyaki, ilikutana Lusaka. Huko ndiko liliungwa mkono neno ambalo Kasisi John Gatu wa Kanisa la Presbyterian alikuwa amelisema Milwaukee, Marekani, mwaka wa 1971: kwamba wamishonari na fedha za ng'ambo zisimamishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama kwa miguu yao. Wengine walikasirika na wengine walicheka. Na katika mwaka huo huo, huku tukisema wageni wapumzike, mtu wetu akafunga mizigo kwenda kuongoza chuo cha wageni!

Yaweza kuonekana ni kinyume. Mimi sioni hivyo. Gatu hakutaka mlango ufungwe. Alitaka anayepokea siku zote apate nafasi ya kutoa. Lakini hatuna budi kusema pia kwamba kutoa huku kulikuwa na gharama. Vyuo vyetu vya theologia vilikuwa na uhaba wa walimu wenye elimu ya juu, na mmoja wa wachache tuliokuwa nao akaenda. Antiokia nako walibaki na pengo.

Mwaka uliofuata dunia ilikuja kwetu. Kuanzia tarehe 23 Novemba hadi 10 Desemba 1975, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu wa tano katika lile jumba refu la mviringo la Kenyatta, katikati ya jiji letu, jumba ambalo halikuwa limetimiza hata miaka mitatu. Ndio mkutano mkuu wa kwanza wa Baraza hilo kufanyika Afrika.

Wakati huo huo, hapa hapa Nairobi, aliishi mtu aliyempinga Mbiti kwa kalamu. Dk. Byang Kato, Mnijeria, katibu mkuu wa umoja wa makanisa ya kiinjili ya Afrika na Madagaska, alitoa kitabu mwaka wa 1975 kilichochapwa Kisumu. Humo alionya kwamba Mbiti alizipa dini za mababu heshima iliyoweza kuififisha Injili. Nadhani Kato alikuwa mkali kupita kiasi, lakini swali lake halikuwa la upuuzi. Tarehe 19 Desemba, siku tisa tu baada ya ule mkutano kufungwa, alikufa maji karibu na Mombasa, akiwa na miaka 39. Yeye alitamani Afrika iwe na vyuo vyake vya juu, vijana wasilazimike kuvuka bahari. Mwaka wa 1983 chuo kama hicho kilifunguliwa huku Karen, mwenyewe akiwa kaburini.

Huko Bossey, Mbiti alibadilisha nini? Mwezi wa Juni 1976 aliwaita wanatheologia wa Afrika na Asia wakutane hapo, si kusikiliza bali kusema, na mwaka wa 1977 maneno yao yakatoka kitabuni. Jumba lilikuwa lile lile na kanisa dogo lile lile la ibada. Kilichobadilika ni nani aliyeshika chaki. Wala haikuwa miaka rahisi. Faranga ya Uswisi ilipanda sana, hata sadaka zilizotoka nje zikanunua kidogo kuliko zamani. Mkuu wa chuo, ndugu zangu, hata awe mwanazuoni namna gani, lazima ahesabu mikate.

Aliondoka kitini mwaka wa 1980. Hakurudi Makerere. Kuanzia 1981 hadi 1996 alikuwa mchungaji wa parokia huko Burgdorf, mji mdogo wa Uswisi, akiwahubiria wenyeji kwa Kijerumani, akibatiza watoto wao na kuzika wazee wao, kama wamishonari walivyofanya Mulango alipokuwa mtoto. Alifundisha pia Chuo Kikuu cha Bern. Na katika uzee wake, peke yake, akalitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kiyunani hadi Kikamba, lugha ya mama yake. Alifariki huko Uswisi mwezi wa Oktoba 2019, akiwa na miaka 87.