Tanzia ya Hamlet Katika Sinema Tatu

Mchezo wa Hamlet, uliotungwa na William Shakespeare yapata mwaka 1600, una misiba miwili iliyofumwa pamoja. Wa kwanza ni msiba wa nyumba: mfalme ameuawa na ndugu yake, mjane ameolewa na muuaji, na mzuka wa marehemu wamtaka mwanawe alipe kisasi. Wa pili ni msiba wa dola: Denmark yatawaliwa kwa hila na upelelezi, na mwisho wake yaangukia mikononi mwa Fortinbras, mwana wa mfalme wa Norway. Mchezo wote ukichezwa huchukua muda wa saa nne hivi, na sinema haina desturi ya kuwakalisha watu muda huo. Kwa hiyo wengi walioutia katika sinema wamelazimika kuamua ni maneno gani yaachwe. Na uamuzi huo ndio unaoonyesha jinsi walivyouelewa.

Laurence Olivier aliongoza sinema yake huko Uingereza mwaka 1948, naye mwenyewe akawa Hamlet. Ilipewa tuzo ya Oscar ya sinema bora, ikawa ya kwanza kutoka nje ya Marekani kupata heshima hiyo. Olivier aliufupisha mchezo ukawa wa saa mbili na nusu na kidogo. Aliwaondoa kabisa Rosencrantz na Guildenstern, yaani marafiki wa utotoni wanaotumwa kumpeleleza mwana wa mfalme, na Fortinbras pia. Mwanzoni sauti yawaambia watazamaji kwamba hii ni tanzia ya mtu asiyeweza kukata shauri. Kauli hiyo si ya Shakespeare. Kamera hupita ngazini na katika vyumba vitupu, kana kwamba ngome nzima ni kichwa cha mtu mmoja. Basi msiba wa nyumba ukabaki, na ule wa dola ukafifia. Kiingereza ni kile kile cha mtunzi, lakini sehemu kubwa ya maana imekwenda.

Sinema ya Grigori Kozintsev, iliyotolewa katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1964, husema Kirusi. Maneno yake ni ya tafsiri ya Boris Pasternak, mshairi ambaye tangu katikati ya miaka ya 1930 hakuwa na nafasi ya kutosha ya kuchapisha tungo zake mwenyewe, akapata riziki kwa kufasiri. Mwaka 1958 alitunukiwa tuzo ya Nobel akashurutishwa kuikataa, naye akafa mwaka 1960. Mtu aliyezijua habari hizo hakuhitaji kufafanuliwa mchezo ambamo mwana wa mfalme huiona nchi yake kuwa gereza. Kozintsev naye alikata maneno mengi, maana sinema yake ni ya saa mbili na theluthi tu. Hata hivyo hakuiondoa dola. Hamlet akiisha kuingia ngomeni, daraja lapandishwa nyuma yake. Mpiga mbiu awasomea raia tangazo la mfalme. Ophelia afungwa mwilini vazi la vyuma kabla ya kuvishwa nguo za matanga. Na mwishowe askari wa Fortinbras wamchukua maiti mabegani.

Kenneth Branagh, katika sinema yake ya mwaka 1996, alitaka kuhifadhi maneno yote, na muda wake ukawa saa nne. Hapa misiba yote miwili imo. Hamlet asemapo peke yake juu ya kuishi na kufa, asimama mbele ya kioo, na nyuma ya kioo hicho mfalme na Polonius wamejificha wakimtazama. Lakini mara nyingine picha hushindana na neno. Mchezaji asimuliapo kifo cha Priam, mfalme wa Troya, Branagh huwaonyesha watazamaji Priam mwenyewe, wakati mtunzi aliliachia sikio kazi hiyo. Jambo moja lasemwa mara mbili.

Yaonekana, basi, kwamba uaminifu kwa tanzia haupimwi kwa hesabu ya maneno yaliyobaki, wala kwa lugha yanamosemwa. Hoja hii yawahusu Waswahili, ambao wamekuwa na Julius Caesar ya Julius Nyerere tangu mwaka 1963. Wako wanaodhani kwamba tafsiri haiwezi kuwa zaidi ya kivuli cha asili; sinema ya Kozintsev yawajibu. Hata hivyo jibu hilo lina sharti. Kabla ya Pasternak, Mikhail Lozinsky alikuwa ameutafsiri mchezo huo huo kwa kufuata asili mstari kwa mstari. Pasternak alichagua njia nyingine: aliwatungia wachezaji Kirusi cha watu wanaozungumza, hata pale ilipombidi kuiacha sura ya mstari wa Kiingereza. Mfasiri wa Kiswahili naye, akiisha kuuliza neno fulani lina maana gani, hana budi kuuliza pia kama mchezaji aweza kulitamka jukwaani likasikika kuwa lake.